SOMO JUU YA MTOTO ASIYEREFUKA

Somo hili ni juu ya mtoto mfupi.

Katika kila kijiji na kila mtaa kuna mtoto ambaye wenzake wamempita. Walianza kutambaa pamoja, wakaanza kutembea pamoja, na sasa wao wanafika begani mwa mama zao, lakini yeye angali kiunoni. Watu humpa majina ya kumcheka. Shuleni anawekwa pamoja na wadogo. Nyumbani wengine wanasema amerogwa. Wengine wanasema mama yake alikula kitu kibaya alipokuwa na mimba. Wengine wanasema babu yake alikuwa mfupi, basi, neno limekwisha.

Tunataka mjue namna ya kutambua kama ufupi wa mtoto ni ugonjwa ama si ugonjwa. Njia yake si ngumu. Yahitaji metre ya fundi wa mbao, kalamu, na uvumilivu wa mwaka mmoja. Hata mama asiyejua kusoma aweza kuifuata, kama mtoto wake mkubwa anamwandikia hesabu.

NI KITU GANI KINACHOREFUSHA MTOTO?

Katikati ya kichwa, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama haragi moja. Tezi hii hutoa kitu kinachoitwa homoni ya ukuaji. Usiku, mtoto alalapo usingizi mzito, homoni hii hutoka kwa wingi katika damu. Mchana hutoka kidogo, na saa nyingine karibu haionekani kabisa. Damu huichukua mpaka kwenye ini, na ini nalo hutoa mjumbe wa pili, ambaye madaktari humwita IGF-1. Hao wawili huamsha ncha za mifupa, mahali penye mfupa laini, na hapo ndipo mfupa huongezeka.

Kijana anapokwisha kuwa mtu mzima, ule mfupa laini hugeuka kuwa mgumu. Mlango umefungwa. Baada ya hapo hakuna dawa duniani iwezayo kumrefusha mtu. Kwa hiyo jambo hili lina wakati wake. Mtoto wa miaka 6 tunaweza kumsaidia sana. Kijana wa miaka 18 ambaye mifupa yake imekwisha kufunga, hatuwezi.

Kuna watoto ambao tezi yao haitoi homoni ya kutosha. Wengine walizaliwa hivyo. Wengine wamepata uvimbe karibu na tezi, ama waliumia kichwa vibaya. Ugonjwa huu si wa watu wengi: wataalamu wanahesabu kama mtoto 1 katika watoto 4,000 mpaka 10,000. Lakini watoto wafupi ni wengi. Hapa Congo, katika kila watoto 10 walio chini ya miaka 5, zaidi ya 4 ni wafupi kupita kipimo, nao karibu wote si kwa sababu ya tezi, bali ni kwa sababu ya chakula na magonjwa ya utoto.

Mnaona shida yetu. Tukimpeleka kila mtoto mfupi mji mkubwa kupimwa damu, tutauza mbuzi na mashamba bure. Tena tukisema juu ya kila mtoto mfupi, "ni kawaida ya ukoo wetu," tutamwacha yule mmoja ambaye angeweza kuponywa. Kazi yetu ni kumtafuta huyo mmoja bila kuwasumbua wengine.

Watu wa nchi nyingine wamefanya kazi hiyo. Huko Utah, Marekani, walipima watoto wa shule karibu 115,000, kisha baada ya mwaka wakawapima tena wengi wao. Habari zake ziliandikwa mwaka 1994. Watoto 555 walionekana kuwa wafupi na tena wenye kukua polepole. Katika hao, kama 5 tu katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa homoni. Lakini katika wale waliokuwa na upungufu wa homoni ya ukuaji, ama ugonjwa mwingine wa wasichana tutakaoutaja, karibu nusu walikuwa hawajajulikana na daktari yeyote. Na hiyo ni nchi yenye madaktari wengi! Metre na daftari vilifanya kazi ambayo macho ya watu hayakuifanya.

MPIMENI, ANDIKENI, NGOJENI

Mmezoea kupeleka watoto wenu kilo. Hiyo ni vizuri sana, msiache. Lakini kilo haitoshi. Mtoto aweza kuongeza kilo na asirefuke hata kidogo, naye mwenye upungufu wa homoni ndivyo alivyo: mara nyingi mashavu yake yamejaa na tumbo lake lina mafuta, hata majirani wanamsifu mama kwa kumlisha. Ombeni munganga apime kimo pia, akiandike katika fishi ya mtoto. Kama kituo chenu hakina ubao wa kupimia, pimeni nyumbani hivi.

Tafuteni ukuta ulionyoka na sakafu iliyo sawa. Mtoto avue viatu. Visigino, matako na mabega viguse ukuta. Magoti yanyoke. Atazame mbele, asiinue kidevu. Nywele zilizosukwa zifunguliwe, ama zisukumwe kando, kwa maana msuko mmoja huongeza santimetre 2 za uongo. Wekeni juu ya kichwa kibao ama kitabu kigumu, kiguse ukuta sawasawa kama pembe ya sanduku. Tieni alama, pimeni kutoka sakafuni kwa metre ya chuma. Metre ya nguo ya mshonaji huvutika, msiitumie. Fanyeni mara 2, na zikitofautiana, mara ya tatu. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa akilala chali, na hiyo ni afadhali ifanyike kituoni.

Usitegemee alama ya ukutani peke yake. Nyumba ya udongo hupakwa upya, na mvua haimwulizi mtu. Andikeni katika fishi ama daftari: siku, mwezi, mwaka, na kimo. Tena mpime saa ileile ya siku, kwa sababu jioni kila mtu ni mfupi kidogo kuliko asubuhi, karibu santimetre 1. Mtu akimpima mtoto asubuhi mwaka huu, na mwaka ujao akampima jioni, ataogopa bure.

Wengine watasema, "Sisi hatujui tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto." Tafuteni. Ulizeni shangazi zake. Tazameni fishi ya uzazi. Kumbukeni jambo kubwa lililotokea: mtoto aliyezaliwa juma lile Nyiragongo ilipotoa moto juu ya Goma, alizaliwa Mei 2021. Bila umri hatuwezi kusema lolote juu ya kimo. Mara nyingi mtoto anayedhaniwa kuwa mfupi ni mdogo tu kuliko tulivyoambiwa.

Sasa hesabu. Mtoto azaliwapo ana urefu kama santimetre 50. Mwaka wa kwanza huongeza kama 25, mwaka wa pili kama 12, mwaka wa tatu kama 8. Kuanzia miaka 4 mpaka wakati wa kubalehe huongeza 5 mpaka 7 kila mwaka. Mtoto wa miaka 5 mwenye afya ana karibu santimetre 110. Akiwa chini ya 101 tunamwita mfupi. Lakini neno kubwa ni mwendo. Mtoto wa miaka 4 na zaidi anayeongeza chini ya 5 kwa mwaka mzima, mwangalieni. Akiongeza chini ya 4, mleteni. Mtoto wa miaka 2 mpaka 4, akiongeza chini ya 5 na nusu, mleteni. Msihesabu kwa mwezi mmoja ama mitatu, kwa maana kosa dogo la kupima litaonekana kama ugonjwa. Ngojeni mwaka, ama angalau miezi 6.

WATOTO WAWILI WENYE KIMO KIMOJA

Tuseme wavulana wawili wameketi mbele yetu. Wote wana miaka 6. Wote wana santimetre 104, wakati wenzao wengi wanafika 116. Ukiwatazama, utasema ni sawasawa. Sasa fungua fishi zao.

Wa kwanza alikuwa na 86 alipokuwa na miaka 3, kisha 92, kisha 98, na sasa 104. Kila mwaka ameongeza 6. Ni mfupi, lakini anakwenda njia yake bila kusimama. Wa pili alikuwa na 92 alipokuwa na miaka 3; wakati ule hakuna mtu aliyemwona kuwa mfupi. Kisha 97, kisha 101, na sasa 104. Ameongeza 5, halafu 4, halafu 3. Huyu ni kama gari linalopanda mlima na mafuta yanakwisha.

Mwaka uliopita, kama mngetazama kwa macho tu, mngemchukua wa kwanza kwenda hospitali, maana alikuwa mfupi kuliko mwenzake. Mngemwacha wa pili nyumbani. Naye wa pili ndiye tunayemtafuta.

Kisha tazameni wazazi. Jumlisheni kimo cha baba na cha mama. Kama mtoto ni mvulana ongezeni 13, kama ni msichana ondoeni 13. Gawanyeni kwa 2. Hicho ndicho kimo ambacho mtoto anakielekea atakapokuwa mtu mzima, na aweza kuzidi ama kupungua kama santimetre 8 ama 9. Baba wa yule wa kwanza ana 158, mama ana 147. Pamoja ni 305, na 13 ni 318, nusu yake 159. Basi mtoto mfupi wa wazazi wafupi, anayeongeza 6 kila mwaka: mwacheni acheze. Baba wa yule wa pili ana 174 na mama 163. Hesabu yake ni 175. Mtoto wa nyumba hiyo hakutazamiwa kusimama hapo alipo.

Pimeni baba kwa metre, msiamini analosema. Wanaume wengi hujiongezea.

Neno moja juu ya Wambuti na jamaa zao wa msituni. Ufupi wao si ugonjwa. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Marekani walipima damu ya watu wafupi wa misitu ya Afrika ya Kati, wakakuta homoni ya ukuaji wanayo. Miili yao ndiyo inayoijibu kwa namna nyingine kuliko ya watu warefu. Mtoto Mmbuti apimwe kwa kulinganisha na wazazi wake na mwendo wake, kama mtoto mwingine yeyote. Akisimama kukua, naye ni mgonjwa kama mtoto mwingine. Na anayemcheka ajue ya kuwa anacheka kitu asichokifahamu.

SABABU ZILIZO NYINGI ZITANGULIE

Kabla ya kufikiri juu ya tezi ya kichwani, munganga atatafuta sababu za kawaida. Ya kwanza ni chakula. Mtoto anayekula bugali ya muhogo peke yake asubuhi na jioni hatarefuka, hata kama tumbo limejaa. Hasara hii huanza tumboni mwa mama na huingia sana katika miaka 2 ya kwanza. Mpeni maharagi, soja, karanga, ndagala zilizosagwa, yai, sombe yenye mafuta. Yai likiwa moja tu nyumbani, ni la mtoto, si la mgeni.

Hapa kuna jambo la ajabu. Mtoto wa bwaki, ukipima damu yake, homoni ya ukuaji si pungufu. Mara nyingi iko juu kuliko ya mtoto mwenye afya. Tezi inapiga kelele, lakini ini halina kitu cha kujengea, halitoi mjumbe wake wa IGF-1. Kwa hiyo mtu akipima IGF-1 peke yake katika mtoto mwenye njaa, ataikuta chini, naye aweza kusema kwa kosa ya kuwa tezi imekufa. Kumchoma mtoto huyo sindano za homoni ni kazi bure. Dawa yake iko katika chungu.

Ya pili ni magonjwa yanayokaa muda mrefu: kifua kikuu, virusi vya ukimwi, anemia ya seli mundu, moyo, figo, kuhara kusikokoma. Tena vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni. Vingine vina deksametazone. Hujaza mashavu, na mama hufurahi, lakini huzuia mifupa kurefuka, na kuviacha kwa ghafula kwaweza kumwua mtoto. Kama mmempa mtoto vidonge hivyo, mwambieni munganga bila kuficha, wala msikatize peke yenu.

Ya tatu ni tezi ya shingo. Watu wa Kivu wanaifahamu goita. Katika miaka ya 1960 madaktari walipima watu wa kisiwa cha Idjwi. Iodi ilikuwa pungufu pande zote za kisiwa, lakini goita ilikuwa nyingi zaidi kaskazini. Wakatambua ya kuwa muhogo usiotengenezwa vizuri unaongeza madhara. Mtoto ambaye tezi yake ya shingo haifanyi kazi huwa mfupi sana, mzito wa akili, ngozi yake kavu, anasikia baridi, anakwenda chooni kwa shida. Chumvi yenye iodi ilipoenea katika miaka ya 1990, jambo hili lilipungua, lakini halikwisha. Nunueni chumvi yenye iodi, loweka muhogo siku za kutosha. Ugonjwa huu una kidonge chake cha bei ndogo, na ndiyo sababu ni kosa kubwa kuukosa.

Kama mikono na miguu ni mifupi na mwili wa katikati ni wa kawaida, ni ugonjwa wa mifupa yenyewe. Kama msichana ni mfupi bila sababu, na matiti hayaoti wakati wenzake wamekwisha kubalehe, munganga afikiri juu ya ugonjwa wa Turner, unaompata kama msichana 1 katika 2,000 ama 2,500. Na kama baba alichelewa kuota ndevu, mtoto wa kiume aweza kuchelewa kama yeye, kisha akawafikia wenzake. Huyo hahitaji dawa. Anahitaji mtu wa kumwambia hivyo.

Kuna sababu nyingine tunayoitaja kwa huzuni. Mwaka 1967 madaktari wa Baltimore, Marekani, waliandika habari za watoto 13 walioacha kukua, kama wenye ugonjwa wa tezi. Hawakuwa na ugonjwa. Nyumbani mwao hapakuwa na upendo. Walipolazwa hospitalini na kutunzwa vizuri, bila dawa yoyote ya homoni, walianza kurefuka. Ninyi mliopokea yatima, ama watoto wa ndugu waliokimbia vita, fikirini sana jambo hili. Mtoto anayekula peke yake nyuma ya nyumba, anayepigwa kila siku, tezi yake hulala.

DALILI ZA TEZI YENYEWE

Mtoto mwenye upungufu wa homoni ya ukuaji kwa kawaida huzaliwa na urefu mzuri. Huanza kubaki nyuma polepole, wengine kabla ya mwaka 1, wengine baadaye. Viungo vyake vinalingana, ila vyote ni vidogo. Uso wake unabaki kama wa mtoto mchanga, paji la uso limetokeza, sauti ni nyembamba. Meno huchelewa. Mvulana aweza kuwa na uume mdogo sana tangu kuzaliwa. Mama, usione haya kumwambia munganga. Macho ya njano yanayodumu kupita majuma 2 baada ya kuzaliwa ni neno lingine la kueleza. Akili yake kwa kawaida ni nzima kama ya wenzake.

Wengine hupungukiwa na sukari ya damu, hasa asubuhi kabla ya kula, ama siku ya homa na kutapika. Mtoto anatoka jasho baridi, anatetemeka, hajibu, ama anashikwa na degedege. Kama anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari mara moja. Kama hajitambui, msimmiminie maji kinywani. Mlazeni ubavu, wekeni chini ya ulimi sukari iliyoloweshwa kidogo, na mkimbieni hospitali. Mtoto huyu asilale na njaa hata usiku mmoja.

Tena mtoto aliyeacha kukua, akiumwa kichwa asubuhi na kutapika, ama akigonga vitu vya kando kwa sababu haoni vizuri, ama akinywa maji mengi na kukojoa usiku kucha, huyu asingoje mwaka. Aje juma hili hili. Labda kuna uvimbe kichwani.

HOSPITALI ITAFANYA NINI?

Daktari atauliza, atapima, atatafuta yale ya kawaida kwa damu, choo na mkojo. Kisha atapiga picha ya radio ya mkono wa kushoto. Mifupa ya kiganja ina umri wake, na picha hiyo hulinganishwa na picha za kitabu. Mtoto wa miaka 8 aweza kuwa na mifupa ya miaka 5. Hiyo yaonyesha ya kuwa bado ana wakati wa kurefuka, lakini haionyeshi sababu. Mwenye njaa na mwenye kuchelewa tu wana picha ileile.

Sasa sikieni jambo ambalo limekula fedha za watu wengi. Kutoa damu mara moja mchana na kupima homoni ya ukuaji hakuna maana. Tumesema ya kuwa mchana homoni hii saa nyingine haionekani. Karatasi itasema "chini" hata kwa mtoto mrefu mwenye afya. Kipimo cha kweli hufanywa hivi: mtoto hufika asubuhi bila kula, anapewa dawa ya kuamsha tezi, kama klonidine, arginine ama glukagone, na damu hutolewa mara kadhaa kwa muda wa saa 2 ama zaidi. Tezi nzima itaamka. Tezi mbovu italala. Kwa kawaida hufanywa vipimo 2 vya dawa mbalimbali, maana hata mtoto mzima aweza kushindwa kimoja. Sukari yaweza kushuka, ama mtoto akazimia kidogo, kwa hiyo lazima daktari awe karibu. Kazi hii ni ya hospitali kubwa. Baadaye hupigwa picha ya kichwa kutazama tezi yenyewe.

Msiende huko kabla ya kuwa na fishi yenye vimo vya mwaka mzima. Daktari wa mji mkubwa atakuuliza kwanza: "Alikuwa na kimo gani mwaka jana?"

JUU YA DAWA

Mwaka 1958 daktari Maurice Raben wa Boston, Marekani, aliandika ya kuwa alimtibu kijana wa miaka 17 kwa homoni iliyotolewa katika tezi za watu waliokufa, na kijana akarefuka. Homoni ya ng'ombe haikufaa kwa mtu. Kwa miaka mingi ilikuwa lazima kukusanya tezi za maiti, na watoto wachache tu walipata dawa. Mwaka 1985 ikaonekana ya kuwa baadhi ya waliotibiwa walikufa kwa ugonjwa wa ubongo uliotoka katika tezi hizo. Zaidi ya watu 200 duniani wamekufa hivyo. Dawa ile ikaachwa. Mwaka huohuo Marekani iliruhusu homoni iliyotengenezwa na bakteria katika viwanda, bila kitu cha maiti. Ndiyo inayotumika mpaka leo.

Ni sindano ndogo chini ya ngozi, kila jioni, kwa miaka mingi, mpaka mifupa ikaribie kufunga. Siku hizi ziko pia za mara moja kwa juma. Mtoto aliyekuwa akiongeza 3 aweza kuongeza 8 mpaka 12 katika mwaka wa kwanza. Lakini dawa hii ni ya bei kubwa sana, maelfu ya dola kila mwaka katika nchi nyingi, tena lazima ikae katika friji. Hatuwafichi: jamaa nyingi zinazosoma somo hili hazitaipata kwa urahisi. Mtauliza, "Basi kuna faida gani kumtafuta mtoto huyu?" Iko. Wengi wanaoletwa kwa ufupi hukutwa na kitu kingine chenye dawa ya bei ndogo. Uvimbe wa kichwa waweza kuonekana kabla macho hayajapotea. Mtoto wa sukari kushuka hatakufa usiku kwa kukosa kikombe cha uji. Na neno la uchawi hukoma nyumbani siku wazazi wanapoonyeshwa tezi ndogo katika picha.

Msidanganyike na unga, sirop wala vidonge vya kurefusha. Homoni ya ukuaji ikinywewa, tumbo huisaga kama nyama. Anayewauzia chupa ya kunywa anawauzia maji ya sukari, ama kitu kibaya zaidi. Mfumu anayechanja magoti hana la kuongeza ila vidonda.

Na mtoto huyu, apate dawa ama asipate, atendewe kwa umri wake, si kwa kimo chake. Mwenye miaka 12 asivishwe kama wa miaka 6, asiitwe "bebe," asibebwe, asilale mapema pamoja na wadogo. Apewe kazi ya mtu wa miaka 12, na adhabu yake pia. Shuleni awekewe kibao chini ya miguu ili isining'inie, na akae darasa la akili yake.

HESABU YA KUFANYA NYUMBANI

Msichana ana miaka 7. Mwaka jana, nywele zimenyolewa, alikuwa na santimetre 105 na nusu. Mwaka huu, nywele zimesukwa juu, ana 109. Baba yake ana 170, mama yake ana 160. Mama anasema mtoto anasikia baridi hata mchana, anakwenda chooni mara moja kwa juma, na mwalimu anamwita mvivu. Nyumbani wananunua chumvi ya mawe ya bei ndogo.

Ameongeza ngapi kwa kweli? Anaelekea kimo gani akiwa mtu mzima? Munganga atazame tezi gani kwanza, ya kichwani ama ya shingoni? Na mtamwambia nini mwalimu?